Honi ya Mzee Kondo

Wa kwanza kupewa notisi walikuwa kuku. Kwa miaka walikuwa wakitaga kwenye kiti cha nyuma cha Pijo 504 la marehemu Mzee Kondo, lililopumzika nyuma ya nyumba pale Kichangani chini ya turubai lililobaki matundu matupu, na kwa muda wote huo walijiona wana hati ya eneo. Basi Jumamosi moja asubuhi Mansuri, mtoto wa marehemu, alipofunua turubai na kuanza kuwatoa mmoja mmoja huku akiwaambia "samahani, samahani," majirani walijipanga kwenye ua wa michongoma kutazama.

"Unawaomba samahani kuku?" aliuliza Mwanvita, mkewe, aliyekuwa akipika vitumbua mlangoni pa jiko. "Mimi tangu unioe sijaisikia hiyo."

"Wamekaa sana, Mwanvita. Huwezi kumtoa mtu ghafla."

"Basi wape muda wa kutafuta chumba."

Mansuri hakucheka. Ni mtu wa taratibu. Anafundisha udereva katika shule moja ndogo karibu na Msamvu, na kazi hiyo imemwingia mwilini kama homa. Akivuka uchochoro kwa miguu hutazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, hata kama kinachopita ni bata. Akikaa kwenye kochi la sebuleni mkono wake hupapasa begani kutafuta mkanda. Wanafunzi wanamwita Mwalimu, majirani nao wakazoea kumwita Mwalimu, na kwa karibu mwaka mzima sasa hata mama yake mzazi, Bi Pili, alikuwa akimwita hivyo hivyo. Na hilo lilimuuma kuliko alivyoweza kusema.

Lazima ieleweke kwamba Bi Pili ni mgombezi. Alimlea Mansuri kwa kumgombeza, akamsomesha kwa kumgombeza, na siku ya harusi yake alimgombeza mbele ya wakwe kwa sababu kola ilikaa upande. Ndivyo anavyopenda watu. Ambaye hajawahi kugombezwa naye ni mgeni tu. Lakini tangu wamzike Mzee Kondo, mama huyo hakumgombeza mwanawe hata mara moja. Ilikuwa ni "Ahsante, Mwalimu," na "Usijisumbue, Mwalimu," na "Chakula kizuri, Mwalimu," hata siku ugali ulipoungua. Mansuri alikuwa akikaa naye nyumba moja na kumkosa.

"Mama," alisema sasa, akijifuta manyoya ya kuku, "nataka kulifufua gari la baba. Hitima ya mwaka ikifika, nataka upande kijijini Kinole, alikozikwa, ukiwa ndani yake."

"Mke mwenzio anapelekwa saluni, mama," Mwanvita alidakia. Enzi za uhai wake Mzee Kondo alikuwa akiliita lile Pijo mke mdogo, na Bi Pili alikuwa na majibu yake.

Bi Pili aliendelea kuchambua mchele kwenye ungo. "Ni jambo jema, Mwalimu," alisema. Akapepeta kidogo, akauliza, "Na Yuliana?"

"Yuliana atakuja tu, mama. Hitima ni ya wote."

"Haya," alisema Bi Pili, akarudi kwenye mchele wake.

Bibi Yuliana ni mtani wa ukoo wa Mzee Kondo. Kwa watu wa Uluguru hilo ni jambo zito, ingawa kazi yake yote ni mchezo. Mtani ndiye anayeingia msibani akicheka wakati wenzake wanalia. Huvaa nguo za marehemu, hutembea kama marehemu, hudai madeni ambayo marehemu hakuwahi kuyakopa, na ni mwiko kumkasirikia; anayevunja mwiko huo hulipa faini. Siku ya mazishi bibi huyo, rozari shingoni na kanzu ya Mzee Kondo mwilini, alishuka kaburini akakaa chini, akashika usukani wa hewani, akatangaza kwamba gari haliondoki mpaka abiria wote walipe nauli. Watu wa Kinole walikuwa wameshaanza kuangua kicheko na kupapasa mifuko. Mansuri alikuwa amesimama na wakubwa zake wa kazi waliotoka mjini, wamevaa miwani ya jua, na aibu ikamjaa. Akamshika bibi yule mkono akamvuta nje ya kaburi. "Huna adabu!" alimwambia. "Baba yangu si kichekesho."

Bibi Yuliana alivua ile kanzu, akaikunja vizuri, akampa mjane, akaondoka, na watani wenzake wakamfuata. Mzee Kondo akafukiwa kimya kimya. "Amezikwa kama mgeni," alisema Bi Pili jioni ile, na tangu hapo mwanawe akawa Mwalimu.

*

Gereji ya Nasibu iko ng'ambo ya reli, na haina ukuta wala paa, ila ina kiti cha wateja kilichong'olewa kwenye basi. Nasibu ni fundi anayejua magari kiasi, na kuongea zaidi ya kiasi. Alilizunguka Pijo lililokokotwa mpaka pale kwa kamba, akapiga bodi kwa kidole, akasikiliza kama daktari.

"Sasa, Mwalimu. Tunalitengeneza litembee, au tunalitengeneza liwe jipya?"

"Kuna tofauti gani?"

"Kubwa. La kutembea nitalimaliza mimi. La kuwa jipya watalimalizia wajukuu zangu."

"Liwe jipya," alisema Mansuri.

Akaanza kuonyesha kwa kidole. Kiti cha nyuma kishonwe upya, hata kama kuku wamekizoea. Ule mpira wa baiskeli uliofunga mlango wa abiria wa mbele ukatwe, na mlango wenyewe, uliokuwa wa bluu katika gari la rangi ya maziwa kwa sababu ulitoka kwenye Pijo jingine lililopinduka Mikese, upigwe rangi moja na wenzake.

"Mlango huu?" Nasibu aliuliza. "Mwalimu, mlango huu watu wanaujua kutoka Bigwa mpaka Kinole."

"Wanaujua kwa sababu ni kituko."

Nasibu akaona ajaribu honi, akaunganisha betri. Honi ya Mzee Kondo ilikuwa na ugonjwa wake. Kwanza ilikohoa, kho, kho, kama mzee anayetaka kusema neno kikaoni, ndipo ikalia, paaaeee, na katikati ya kulia ikavunjika sauti. Mafundi wa gereji za jirani walitoa vichwa kwenye maboneti.

"Kondo kafufuka!" mmoja alipiga kelele, na wote wakacheka.

Kwa nukta moja Mansuri alikuwa mtoto, amekaa juu ya gunia la machungwa, baba yake anaibonyeza honi hiyo chini ya kilima cha Kinole ili watu washushe mizigo yao barabarani. Alimwona kabisa, mpaka kofia. Machozi yalikuwa njiani, na mafundi walikuwa wakimtazama. Akageuka akajifanya anakagua tairi.

"Honi itoke," alisema akiwa bado na tairi. "Weka mpya."

"Mwalimu, hiyo ndiyo sauti yake."

"Honi ni chombo cha tahadhari, Nasibu. Kinatakiwa kulia, sio kukohoa." Ni maneno anayowaambia wanafunzi kila Jumatatu, na siku hiyo yalimsaidia kuondoka na macho makavu.

Kazi ikachukua majuma kwa majuma. Kabureta lilipatikana Dar, likaja likiwa la gari jingine, likarudi. Fundi rangi alipaka upande mmoja akaenda msibani Ngerengere na kusahau kurudi. Mansuri alikosa viatu vipya vya Idi, Mwanvita akakosa friji aliyoahidiwa, na kila jirani aliyepita gerejini alitoa ushauri ambao hakuombwa. Siku gari lilipowaka kwa mara ya kwanza, Mansuri alilipeleka mwenyewe mjini kwa mwendo wa harusi, mkanda kifuani, mikono yote miwili kwenye usukani. Likamzimikia mbele ya shule yake, saa ya masomo.

Wanafunzi walitoka wote kusukuma. Nyuma kabisa alikuwepo mama mmoja mnene, Magreth, ambaye Mansuri alishamfelisha mara kadhaa kwa kosa la kusahau gia. Alikuja mpaka dirishani, akainama kwa adabu.

"Shikamoo, Mwalimu. Samahani. Gia iko huru?"

Haikuwa huru. Mansuri aliirudisha, na Magreth akarudi nyuma kusukuma akiwa na uso wa mtu aliyepata leseni.

*

Hitima ilipokaribia, Mansuri alijua kwamba gari peke yake halitoshi. Alijua tangu mwanzo, ila alikuwa akijificha chini ya boneti. Akaomba namba ya Bibi Yuliana kwa binamu yake wa Kinole, na badala ya kupiga, akatuma hela kwa simu. Aliona ni njia ya kistaarabu. Mtu anapata faini yake, hakuna maneno, hakuna macho kutazamana.

Jioni simu ikalia. Mwanvita aliwahi kuiweka sauti ya juu kabla mumewe hajakataza.

"Mwalimu Mansuri, hujambo," ilisema sauti ya Bibi Yuliana, kavu kama kisamvu cha juzi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimeona hela hapa. Za nini?"

"Ni faini, bibi. Ya siku ile."

"Siku ipi?"

"Siku ya mazishi."

"Ahaa. Sasa baba, toka nizaliwe nimekula faini za watani wengi. Nimelipwa kuku, nimelipwa pombe, nimelipwa khanga. Ya kutumiwa kwenye simu ndiyo kwanza naiona kwako. Unataka kunilipa bila kuniona uso?"

"Hapana, bibi, ni umbali tu..."

"Kinole imehama? Nakurudishia hela zako. Nimekata ya kutolea."

"Lakini bibi, hukutoa. Ukirudisha unakatwa ya kutuma."

"Basi nimekata zote mbili," alisema Bibi Yuliana, akakata na simu.

Mansuri alibaki akiitazama. "Umeona? Hataki."

Mwanvita alikuwa ameegemea ukuta kwa kicheko. "Amekata ya kutolea! Wewe mwanaume, husikii? Aliyekuchukia angerudisha yote. Huyo bado ni mtani."

Upande wa pili wa pazia Bi Pili alikuwa ameacha kuhesabu tasbihi. Alisikia yote. Usiku ule alitoa sandukuni ile kanzu iliyokunjwa, akaitia kwenye mfuko wake wa safari.

*

Siku ya safari Pijo lilikuwa linang'aa mpaka mtu angeweza kunyolea ndevu mlangoni. Mchele na mbuzi vilishatangulia kwa gari la mizigo. Nyuma alikaa Mwanvita, na pembeni yake Nasibu, aliyesema anakuja kwa ajili ya usalama wa injini ingawa alikuwa amepakata sufuria kubwa la pilau kwa upendo mkubwa. Bi Pili alikaa mbele. Mkono wake ulikwenda mlangoni wenyewe kuutafuta ule mpira wa baiskeli. Miaka yote alikuwa akiushika kutoka Bigwa hadi Kinole ili mlango usimwage abiria. Leo mkono ulikuta kitasa kinachong'aa. Akaurudisha mkono mapajani, akaufunika na wa pili.

"Mkanda, mama."

"Ndiyo, Mwalimu."

Walipita Bigwa. Zamani, Mzee Kondo akifika hapo, watu walikuwa wakimpigia kelele kutoka vibarazani: nipokelee mzigo wangu, mwambie shemeji yako kanisahau, lini utalipa kahawa yangu. Leo hakuna aliyeinua mkono. Kwenye kona za Kiroka, mzee mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye ndizi alijibanza kwenye majani kuwapisha, akavua kofia.

"Kadhani ni mgombea," alisema Mwanvita. Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe akatazama nje.

Mkuyuni walisimama kununua machungwa. Mwanamke mwenye beseni alikuja mbio dirishani. Jina lake Editha, na mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwenye kiti kile kile cha nyuma, yeye akikimbizwa mjini usiku wa mvua, Mzee Kondo akiimba ili asisikie vilio vyake.

"Bosi, machungwa matamu! Umetokea Dar, bosi?"

Bi Pili alisogeza mtandio. "Editha. Ni mimi."

"Ee! Mama Mansuri! Shikamoo mama! Sikukutambua humo ndani." Editha alirudi nyuma hatua, akalitazama gari kuanzia taa hadi buti. "Mashallah. Mmepanda gari la nani leo?"

Mansuri alisubiri mama yake aseme. Alikuwa amefanya kazi majuma yote yale kwa ajili ya jibu hilo.

"La mwanangu," alisema Bi Pili.

Wakaendelea. Barabara ya Kinole ilianza kupanda, migomba ikasogea pande zote mbili, na injini ikaunguruma vizuri bila kosa hata moja. Nasibu aliisifu kwa sauti ndogo, kisha akanyamaza alipoona mabega ya mama yule yanatikisika.

"Mama, unalia?" aliuliza Mansuri.

"Umefanya kazi nzuri, Mwalimu. Usione nalia ukadhani sioni. Gari zuri, halitikisiki, halinuki." Bi Pili alijifuta kwa pindo la mtandio. "Ila Kondo hayumo humu. Nilidhani nitapanda nimkute. Hayumo."

Mikono ya Mansuri ilikuwa mahali panapotakiwa kwenye usukani, macho yalikuwa barabarani, na moyo wake uliuma sana.

*

Chini ya kilima cha mwisho, gogo la mgomba lilikuwa limelazwa katikati ya njia. Nyuma yake alisimama Bibi Yuliana, rozari shingoni, koti la kiume lililomfika magotini, mkononi ameshika mfuniko wa sufuria kama usukani. Watani wenzake walikuwa wamekaa kingoni, wanakula miwa na kusubiri sinema ianze.

"Zima injini!" aliamrisha. "Gari la nani hili?"

"La baba, bibi. Shikamoo."

"Baba yupi?"

"Mzee Kondo."

"Mzee Kondo namjua, na gari lake nalijua. Lina mlango wa bluu, na likipita kuku wanakohoa. Hili la kwenu limetoka wapi?"

"Ndilo hilo, bibi. Nimelitengeneza."

Bibi Yuliana alipitisha kidole kwenye rangi, akakinusa. "Umelitengeneza, au umelisugua mpaka mwenyewe akatoka?"

Watani wakaangua kicheko. Mansuri akatoa pochi dirishani.

"Iweke," alisema bibi. "Juzi umenilipa kwa simu, leo unanilipa kwa dirisha. Shuka chini kama mtu."

Mansuri alivuta breki ya mkono. Akafungua mkanda, akatazama kioo cha pembeni, akatazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, akafungua mlango. Bibi Yuliana, akiwa na mfuniko wake, alifanya kila kitu hicho hicho nyuma yake, hatua kwa hatua, mpaka kukohoa kidogo na kurekebisha kola. Mwanvita alijificha uso kwenye khanga akacheka mpaka akakosa pumzi. Nasibu alilishikilia sufuria lisianguke.

Aibu ile ile ya siku ya kaburi ilimpanda Mansuri, ikafika masikioni. Mkono ulitaka kumvuta bibi tena. Akamtazama mama yake kupitia kioo cha mbele. Bi Pili alikuwa amekaa wima kabisa, hapumui, anamtazama yeye.

"Bibi Yuliana," Mansuri alisema, na sauti yake haikuwa ya darasani. "Nilikukosea. Nilikuvuta mkono mbele ya baba yangu. Watu wa mjini walikuwa wananitazama, na mimi nilikuwa na kilio nisichojua nikiweke wapi, nikakiweka kwako. Nisamehe."

Bibi Yuliana aliteremsha mfuniko. "Najua, baba," alisema kwa upole. "Sasa unadhani sisi watani tuliwekwa kwa kazi gani? Hicho kilio ndio mzigo wetu. Ulitunyang'anya mzigo."

Bi Pili alikuwa ameshafungua mkanda. Aliteremka, akatoa ile kanzu mfukoni, akamvika bibi yule juu ya koti, hata kabla hajaombwa. Bibi Yuliana alijinyoosha. Alipogeuka alikuwa ameshapata tumbo, na bega moja limeshuka, na mguu wa kulia unaburutwa kidogo, Kondo mtupu. Watu wa kingoni waliacha kutafuna miwa. Alikwenda mpaka kwenye mlango wa dereva, akapiga tairi teke, akaingia, akapiga dashibodi kofi.

"Amka, mke mdogo, amka! Mke mkubwa anatutazama, ana wivu huyo!"

"Basi huyo mke mdogo akupikie uji!" Bi Pili alijibu kwa ukali, hapo hapo, kama alivyojibu miaka yote. Kisha akasikia alichosema. Akaweka mikono kichwani, akacheka, kicheko kikageuka kilio, akalia kwa sauti katikati ya barabara kilio ambacho hakukilia mwaka mzima, na Mwanvita akatoka kumshika.

Bibi Yuliana hakuacha kazi yake. Alimtukana abiria wa nyuma kwa kujaza kiti kwa sufuria, akalaumu serikali kwa mawe ya barabarani, akaomba Mungu kwa ajili ya radieta. Halafu akabonyeza honi.

Piii, ilisema honi mpya.

Akaitazama. Akaibonyeza tena. "Hiki ni nini? Kifaranga?"

"Ni honi mpya, bibi."

"Ya Kondo iko wapi?"

Mansuri alimtazama Nasibu. Nasibu alilitazama sufuria. "Ilikwenda na vyuma chakavu," alisema kwa sauti ya chini. "Mwenye mali alisema itoke."

Minong'ono ilipita kingoni. Bibi Yuliana akateremka, akaushika mfuniko wake kama hakimu anayeshika kitabu.

"Faini ya kukutoza nimeipata. Honi umeitoa wewe, honi utakuwa wewe. Kutoka hapa mpaka kwa marehemu."

"Mimi?"

"Kwani mtoto wa Kondo ni mimi? Ondoeni gogo!"

Gogo likaondolewa, Bi Pili na Mwanvita wakarudi garini. Bibi Yuliana alijibana nyuma, kati ya Mwanvita na sufuria, na watani wakafuata kwa miguu. Mansuri alirudi kwenye usukani, akaweka gia, na gari likaanza kupanda. Alitoa kichwa dirishani. Hakuna mwanafunzi wake yeyote aliyewahi kuruhusiwa kutoa kichwa dirishani.

"Pii," alisema.

"Hiyo ni simu," alisema Bibi Yuliana.

"Paa."

"Hiyo ni mbuzi."

Bi Pili, macho mekundu, alikuwa amejizuia vya kutosha. Alipiga dashibodi kofi lililomrusha Nasibu nyuma.

"We Mansuri! Kikohozi kwanza! Baba yako alikuwa anakohoa kwanza, umesahau? Kila kitu unakimbilia mbele, toka utotoni, hata kutambaa uliruka! Na kola yako, angalia kola yako! Mtu mzima mwenye mke, hata honi ya baba yake haijui!"

Mansuri alisikia kila neno, moja baada ya jingine, kama mtu mwenye kiu anayemiminiwa maji. Barabara ikamcheza machoni. Hakujifuta, wala hakujifanya anaangalia tairi. Akajaza kifua, akakohoa, kho, kho, akalia, paaaeee, na katikati ya kulia sauti yake ikavunjika pale pale ilipokuwa ikivunjika honi.

Kutoka ndani ya migomba mtu aliitikia: "Kondo huyooo!" Mlango mmoja ulifunguliwa juu ya kilima, na mwingine, na wanawake wakaanza kushuka barabarani, baadhi yao na mikungu ya ndizi vichwani kama vile kuna mizigo ya kwenda mjini.

"Tena!" alisema Bi Pili, akirekebisha kola ya mwanawe kwa mkono mmoja na kumfinya sikio kwa ule mwingine. "Wa ng'ambo ya mto hawajasikia."